Maji ya Mgeni na Maji ya Mwenyeji

Ipo elimu moja ndogo ambayo kila mgeni aendaye kukaa bara hufundishwa kabla hajafungua sanduku lake. Huambiwa kwamba maji ya huko si ya kuaminiwa. Kwamba yatatoka leo na kesho yasitoke. Kwamba yakitoka huenda yakawa na rangi ya chai ya maziwa. Na kwamba mtu mwenye busara huyachuja, huyachemsha, huyatia dawa, huyaweka katika chombo chenye kifuniko, kisha hunyamaza. Elimu hii imo katika vijitabu vya wamisionari, vya madaktari na vya vyama vya watu wa kujitolea, na tangu zamani za wakoloni haikubadilika sana ila kwa majina ya dawa na namna ya vyombo. Wala si elimu ya uongo. Mambo isemayo juu ya vijidudu ni kweli tupu. Kosa lake limo katika lile jambo la mwisho, kule kunyamaza. Kwani hufundisha kwamba maji mabaya ni tabia ya nchi, kama upepo au mwinuko wa milima, na kwamba kazi ya mtu aliyestaarabika ni kujikinga nayo ndani ya kuta zake nne.

Dongobesh yafaa kuwa mfano. Ni mji mdogo katika nyanda za juu za Mbulu, Mkoa wa Manyara, juu ya njia itokayo Mbulu kwenda Haydom, ambako Walutheri wa Norwei walifungua hospitali katika mwaka wa 1955. Basi wageni wamepita njia hiyo kwa miaka sabini na zaidi: madaktari, wauguzi, mafundi, wanafunzi wa vyuo vya Ulaya. Lakini haifai kumdhania mgeni kuwa ni Mzungu peke yake. Mwalimu aliyetoka Bukoba, muuguzi aliyetoka Mbeya, karani wa halmashauri aliyezaliwa Tanga, wote hao wapo ugenini. Lugha ya sokoni si yao, Kiiraqw hawakisikii, baridi ya mwezi wa saba huwashangaza, na jambo la kwanza wanaloulizana na jirani ni lile lile aulizalo daktari wa Norwei: maji yanapatikana wapi, na lini?

Jibu hutegemea majira. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hata Mei, na wakati huo maji yapo lakini yamebeba udongo wa mashamba na mavi ya mifugo. Kutoka Juni hata Oktoba ni kiangazi: chemchemi hupungua, foleni hurefuka, watu huchimba mchanga katika makorongo yaliyokauka, na punda hupita na madumu mgongoni kuanzia alfajiri. Mwenyeji hakuletewa habari hii kwa kijitabu. Wazee wa Kiiraqw walizihesabu chemchemi kuwa makao ya netlangw, roho za ardhini na majini, na kwa hiyo hazikuwa mahali pa kuchezea wala pa kutupia uchafu. Msomi aweza kuzicheka roho hizo akipenda. Hata hivyo na aonyeshe, baada ya kucheka, ni sheria gani ya baadaye iliyozilinda chemchemi kwa gharama ndogo kama ile.

Mgeni hufanyaje? Hufanya kama alivyofundishwa, na hapo ndipo hesabu yapasa kuanza, maana jambo hili husemwa mara nyingi kwa huruma na mara chache kwa hesabu.

Kwanza ni kuchemsha. Maji yakichemka sawasawa, hata kwa dakika chache tu, vijidudu vya kuhara na vya kipindupindu hufa. Juu ya nyanda kama zile maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100, lakini hilo si neno. Joto lake latosha. Neno ni kuni. Kwa moto wa mafiga, wataalamu hukisia kilo moja ya kuni kwa kila lita moja ichemshwayo. Nyumba ya watu watano, kila mmoja akinywa lita mbili, yataka kilo kumi za kuni kila siku kwa maji ya kunywa peke yake, kabla ugali haujasongwa. Mgeni mwenye mtungi wa gesi hazioni kilo hizo. Mwenyeji azibebaye kichwani huziona, naye akiambiwa na mhubiri wa usafi kwamba uvivu ndio umzuiao kuchemsha, ana haki ya kumtazama mhubiri huyo kwa mshangao.

Pili ni dawa. Klorini ni dawa njema na bei yake si kubwa, lakini haipendi matope. Maji yakiwa mazito, dawa huishia katika uchafu na vijidudu husalia. Kwa hiyo sharti yatulizwe kwanza, yachujwe kwa kitambaa, kipimo kiongezwe, na mtu asubiri nusu saa. Kuyaweka maji juani katika chupa nyeupe kwa saa sita ni shauri jingine jema, ila nalo lataka maji maangavu, na siku ya mawingu lataka siku mbili. Kila moja ya njia hizi hufaa mahali ambapo maji tayari yanakaribia kuwa mazuri. Msimu wa matope, ambao ndio msimu wa hatari, ndio msimu ambao njia hizo hudhoofika.

Tatu ni lile ambalo vijitabu vingi hulipita haraka. Katika Tanzania ya kaskazini, kutoka Kilimanjaro na Arusha kupita Manyara hata Singida, miamba, hasa ya volkano, hutia floraidi katika maji ya ardhini. Shirika la Afya Duniani lataka isizidi miligramu 1.5 katika lita. Tanzania, kwa kukosa maji mengine, iliwahi kuvumilia vijijini miligramu 8, kisha 4, kabla ya kushusha kiwango chake hata 1.5. Ikizidi, meno ya watoto hupata madoa ya kahawia yasiyofutika. Ikizidi sana, kwa miaka mingi, mifupa hupinda. Na kuchemsha hakuiondoi. Mvuke huenda zake, floraidi hubaki, na sufuria iliyochemka muda mrefu huwa na floraidi nzito kuliko ndoo iliyotoka kisimani. Mtungi wa udongo wa kuchujia, ambao ni fahari ya nyumba nyingi za wageni, hauikamati. Kituo cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kimefanya kazi kwa miaka mingi juu ya kuiondoa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na kazi hiyo si ya kufanywa na kila mtu jikoni kwake kwa kubahatisha. Kwa hiyo mgeni aweza kutimiza kila sharti la kijitabu, akachuja na kuchemsha kwa bidii ya ibada, na bado asijue anachowanywesha watoto wake. Ili ajue, hana budi kupata kipimo cha maabara. Na kipimo cha kisima kimoja ni kipimo cha watu wote watekao pale. Hapo usafi wa nyumba moja umekwisha kuwa jambo la mji, apende asipende.

Nne ni tangi. Huyu ndiye rafiki mkubwa wa mgeni: tangi jeusi la plastiki juu ya kichuguu cha mawe, lita elfu tano, bomba likiingia juu na jingine likitoka chini. Kwa mvua tangi ni chombo kizuri mno. Paa la mabati lenye mita za mraba 50, mvua ikiwa milimita 700 kwa mwaka, lapokea lita 35,000, na maji hayo hayana floraidi. Lakini watu watano wakitumia lita 25 kila mmoja, lita elfu tano ni za siku arobaini, na kiangazi ni siku mia na hamsini. Baada ya siku hizo arobaini tangi hurudi kwenye bomba la mji, au kwa punda, au kwa gari la maji. Mahali ambapo bomba hutoa maji kwa saa chache tu, mwenye tangi huliacha wazi usiku kucha, na mbio za maji katika bomba hupungua kwa kila aliye mbele yake. Jirani mwenye ndoo aamkapo hukuta matone. Si wizi, maana mita inasoma na ankara italipwa; ila matokeo yake kwa jirani ni yale yale. Tena bomba likikauka, maji machafu ya ardhini huingia kwa kila ufa na kila kiungo kilicholegea, na maji yarudipo huyasukuma mpaka bombani mwa watu. Ndiyo sababu kukatika kwa maji na uchafu wa maji si balaa mbili. Ni balaa moja, na tangi la mtu mmoja huizidisha huku likimkinga mwenyewe.

Kisha kuna jambo la ndani ya nyumba, ambalo huandikwa kwa nadra. Nani huteka maji ya mgeni? Nani huyachuja? Mara nyingi ni msichana wa kazi, aliyetoka kijiji cha jirani, aitwaye dada na watu wa nyumba hiyo. Yeye ndiye asimamaye katika foleni, yeye ndiye amwagaye maji katika mtungi wa kuchujia kwa uangalifu, naye anywapo hunywa kwa kata kutoka ndoo ile ya kupikia, kwa sababu maji ya mtungi ni machache na hakuna aliyemwambia kwamba ni yake pia. Zipo nyumba zisizo na habari hii, na ziheshimiwe. Lakini palipo na maji ya namna mbili chini ya paa moja, elimu ya vijidudu imekwisha kugeuka kuwa elimu ya vyeo.

Tena elimu hiyo huangalia kinywa na kusahau mikono. Katika mwaka wa 1972 Gilbert White, David Bradley na Anne White walitoa kitabu juu ya watekaji maji wa Kenya, Uganda na Tanzania, nacho kikaeleza jambo ambalo sasa hufundishwa kila mahali: kwamba yako maradhi yanywewayo pamoja na maji, na yako maradhi mengine yatokanayo na uhaba wa maji ya kunawia, kama upele, trakoma ya macho, na sehemu kubwa ya kuhara kwa watoto. Kwa maradhi haya ya pili wingi wa maji ni dawa kuliko weupe wake. Mtu apataye lita tano safi kabisa aweza kuugua zaidi ya yule apataye lita thelathini za wastani. Watafiti waliorudi mahali pale pale miaka thelathini baadaye wakakuta kwamba nyumba zenye bomba, zilizokuwa zikitumia lita 128 kwa mtu kwa siku, sasa hutumia 66. Bomba lilikuwapo, maji ndiyo yaliyopungua ndani yake. Na ushauri wa kuchuja na kuchemsha hauna hata sentensi moja ya kumwambia mtu wa namna hiyo, kwa kuwa hakuna mtungi uwezao kuchuja maji yasiyokuja.

Wapo watakaosema kwamba haya ni maneno ya watu waliokaa vivulini, na kwamba mama mwenye mtoto anayehara usiku wa leo hawezi kungoja bomba. Ni kweli. Achemshe, na asaidiwe kuchemsha. Hakuna mtu mwenye akili aliyepinga hilo. Kinachopingwa ni kulitwaa shauri la usiku mmoja na kulifanya sera ya maisha. Huko Bergen, Norwei, katika mwaka wa 2004, kijidudu kiitwacho Giardia kiliingia katika maji ya mji na maelfu ya watu wakaugua. Wenyeji wakaambiwa wachemshe. Lakini hakuna diwani wa Bergen aliyesimama akasema kwamba tangu sasa usafi wa maji ni juu ya sufuria ya kila nyumba. Mji ukatengeneza mitambo yake. Mwanafunzi wa Mbulu akaaye Oslo hunywa maji ya bombani bila kufikiri, wala hakujifunza ustadi wowote. Sehemu kubwa ya maji yale hutoka ziwa la Maridalsvannet, ambamo watu wamekatazwa hata kuoga. Ni ajabu basi kwamba raia wa nchi hiyo, afikapo Dongobesh, hupewa kijitabu kimwambiacho kwamba maji ni mambo ya jikoni.

Na London je? Kipindupindu kiliwaua watu wake mara kwa mara tangu 1832. Katika mwaka wa 1854 John Snow alionyesha kwamba bomba moja la mtaani lilikuwa likieneza kifo, na mpini wake ukaondolewa. Lakini sheria ya mifereji mikuu ya uchafu haikupita kwa ajili ya maiti za maskini. Ilipita katika mwaka wa 1858, wakati joto la kiangazi lilipoufanya mto Thames unuke hata ndani ya Bunge. Wabunge walijaribu kwanza kustahimili kwa njia ya nyumbani: mapazia yalichovywa katika dawa ya chokaa. Hayakufaa kitu, na mswada ukapita kwa siku kumi na nane. Hoja yao ya kiganga ilikuwa mbovu, kwa sababu walidhani harufu yenyewe ndiyo iletayo maradhi. Lakini walikosa mahali pa kukimbilia, na watu wenye amri wakikosa mahali pa kukimbilia kazi huenda mbio.

Wala si lazima mtu avuke bahari kuu. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua watu wengi mno Unguja. Seyyid Barghash, aliyekwisha kuishi uhamishoni Bombay kabla ya kutawala, alileta mjini maji ya chemchemi kwa mfereji, na watu wakateka bila malipo. Hakuwa mtawala wa kusifiwa kwa kila jambo. Dola yake ilisimama juu ya jasho la watumwa. Lakini katika jambo hili alitenda kinyume cha kijitabu: hakutosheka na maji ya jumba lake.

Hoja nzito zaidi ni ile isemayo kwamba kazi ya umma imekwisha kujaribiwa na kushindwa. Katika mwaka wa 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka ishirini wa kumpatia kila mtu wa kijijini maji safi umbali usiozidi mita 400. Mwaka wa 1991 ulifika, maji hayakufika. Mataifa wafadhili yaligawana mikoa, kila moja likaja na pampu zake na vipuri vyake. Injini zikafa kwa kukosa mafuta ya dizeli, na hesabu ya vituo vya maji ya mwaka wa 2013 ilionyesha kwamba karibu vinne katika kila kumi havikuwa vikifanya kazi. Haya yote ni kweli, na mwenye kuyaficha hamsaidii mtu. Lakini na yasomwe vizuri. Pampu zile hazikufa kwa sababu zilikuwa mali ya umma. Zilikufa kwa sababu hapakuwa na fundi karibu, wala sanduku la fedha lenye ufunguo unaojulikana, wala mtu mwenye sauti aliyekosa maji siku ile zilipokufa. Mwenye sauti alikuwa na tangi.

Sera ya mwaka wa 2002 ilitaja lita 25 kwa mtu kwa siku, mita 400, na kituo kimoja kwa watu 250. Sheria namba 5 ya mwaka wa 2019 ilianzisha wakala wa maji vijijini, RUWASA, na kuvipa nguvu vyombo vya watoa huduma vya wananchi wenyewe, vyenye kukusanya ada, kuajiri fundi na kutoa hesabu mbele ya watumiaji. Karatasi hizo si maji, lakini ni mahali pa kusimama. Mgeni akaaye Dongobesh miaka miwili, awe daktari wa kigeni au mwalimu wa Bukoba, ana mambo matatu ambayo jirani yake wa foleni hana: husoma hesabu bila shida, hajui kumwogopa mwenyekiti kwa sababu ya ukoo, na barua yake hujibiwa. Vitu hivi vyote hukaa bure nyuma ya ukuta pamoja na mtungi wa kuchujia. Katika mkutano wa watumiaji maji kiti chake hakina mtu. Ada yake amelipa mapema ili asisumbuliwe. Na swali la wazi kabisa, lile la floraidi ni kiasi gani katika kisima hiki na ilipimwa lini, hubaki halikuulizwa mpaka amalizapo mkataba wake, akauza tangi kwa mgeni mwingine, na kumwachia pamoja nalo kile kijitabu.